Geji ya presha kwenye bomba la mserereko: namna ya kulifikia tundu lisiloonekana

Mwezi wa Septemba bomba la mserereko, lile linaloshusha maji kwa mteremko bila pampu, likivuja hujitangaza lenyewe. Majani yote yamekauka, halafu juu ya mtaro wa bomba unakuta kipande cha kijani kinachong'aa na ng'ombe wamekizunguka. Unachimba hapo hapo, kazi imekwisha. Ugumu unaanza mvua zinapofungua Novemba. Tangu hapo hadi Aprili, na kule Rungwe hadi Mei, kila mahali pamelowa na tundu la ukubwa wa kidole haliachi alama yoyote juu ya ardhi. Mabondeni ndiko kubaya zaidi. Bomba linapokatiza chini ya vinyungu, zile bustani za mabondeni, kwenye ule udongo mweusi unaoshika maji mwaka mzima, ndipo presha yake inapokuwa kubwa kuliko sehemu nyingine zote, na ndipo jembe linapoligonga mara nyingi. Linaweza kuvuja humo msimu mzima, na mwenye kinyungu akaona tu kwamba mwaka huu mboga zake zimekubali.

Ndiyo maana jumuiya nyingi za watumia maji huku kwetu, toka Kilolo na Mufindi hadi Njombe, Makete na Mbeya Vijijini, hufika mahali zikanunua geji ya presha. Mwongozo huu ni wa fundi wa jumuiya aliyekabidhiwa geji hiyo na kuambiwa atafute maji yanakopotelea. Nitasema mapema ninachokiamini kuhusu kifaa hiki: usiiulize geji kama bomba linavuja. Iulize linavuja wapi. Swali la kwanza lina kifaa kingine kinacholijibu vizuri zaidi, nacho tayari unacho, ni tangi lako.

Geji inaweza kuficha nini

Chukua bomba la plastiki la milimita 63, lile tunaloliita la inchi mbili, linaloshuka kilomita mbili kutoka tangini. Usiku, watu wote wamefunga. Mwisho wa bomba kuna tundu linalotoa lita 0.3 kwa sekunde, yaani linajaza ndoo ya lita 20 kwa dakika moja na sekunde chache. Kwa siku nzima hizo ni karibu lita 26,000. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilikadiria lita 25 kwa mtu kwa siku vijijini, kwa hiyo tundu hilo moja linakunywa maji ya watu zaidi ya elfu moja.

Sasa geji itaonyesha nini? Presha inashuka kwa sababu ya msuguano wa maji yanayotembea ndani ya bomba. Kwa lita 0.3 kwa sekunde, maji yanatembea polepole sana, na msuguano wa kilomita zote mbili unakula kama mita moja tu ya kimo. Mita moja ya maji ni bar 0.1, na bar ndiyo kipimo cha presha kinachosomwa kwenye geji. Geji za kawaida madukani zimeandikwa usoni namba ndogo kama 1.6, maana yake inaruhusiwa kukosea kwa asilimia 1.6 ya kipimo chake cha juu. Geji ya 0 hadi 10 inaweza kukosea bar 0.16 na bado ikahesabika nzima. Ya 0 hadi 16 inaweza kukosea robo ya bar. Maji ya watu elfu moja yamejificha ndani ya kosa halali la geji.

Kwa hiyo fundi anayefungua chemba, lile shimo lenye mfuniko linalohifadhi valvu, akatazama sindano na kusema "presha ipo, bomba zima" hajapima kitu. Na anayeona sindano imeshuka kidogo akaanza kuchimbisha vijana mita hamsini naye anabahatisha.

Anza na tangi

Chagua usiku usio na sherehe wala msiba kijijini. Saa saba hadi saa kumi usiku ndiyo saa nzuri, watu wamelala. Siku mbili kabla, mwenyekiti wa kitongoji atangaze, na itangazwe kanisani pia, kwamba vituo vyote vya kuchotea vitafungwa kuanzia saa tatu usiku. Kisha pita mwenyewe. Vituo vya umma si tatizo. Wanaoharibu kipimo ni wenye matangi ya nyumbani na ya taasisi, ambayo boya likichakaa hayaachi kupokea maji usiku kucha.

"Mzee, nani huku bado anapokea maji?"

"Labda kule shuleni, mwanangu. Lile tangi lao linamwagika juu kila asubuhi, boya halifungi."

Funga tawi hilo kwenye chemba yake, usiamini boya la mtu.

Ukishahakikisha, funga maji yanayoingia tangini kutoka chanzoni. Yanayotoka yaache wazi kuelekea kijijini. Weka mti ulionyooka ndani ya tangi, chora alama pale uso wa maji ulipo, andika saa. Rudi baada ya saa moja. Kwa tangi la mviringo lenye upana wa mita tano, kila sentimita moja iliyoshuka ni karibu lita 196. Lile tundu letu la lita 0.3 lingeshusha maji zaidi ya sentimita tano kwa saa, kitu ambacho hata mtoto anakiona kwenye mti. Geji ingekuonyesha unywele mmoja wa sindano.

Kama una dira ya maji kwenye bomba la kutokea tangini, isome pia. Lakini dira za zamani huacha kuzunguka maji yakiwa madogo, kwa hiyo dira iliyosimama isikufanye uamini kwamba hakuna kinachopita. Mti ndani ya tangi hausimami.

Kama tangi halikushuka, nenda ukalale. Kama limeshuka, sasa una kiasi cha uvujaji kwa lita, na geji ina kazi.

Kuhakiki geji kabla ya kuitegemea

Sehemu hii ndiyo watu wanairuka, na ndiyo inayochimbisha mitaro ya bure.

Tazama kwanza sindano geji ikiwa mkononi, haijafungwa popote. Lazima ilale kwenye sifuri. Geji nyingi zina kijiti kidogo cha chuma pale kwenye sifuri kinachozuia sindano isishuke zaidi, na hicho kinadanganya: geji iliyopotoka ikawa inasoma pungufu kwa bar 0.5 itaonekana imelala vizuri kwenye sifuri kumbe imeegemea kijiti. Kama una ya aina isiyo na kijiti, ichague hiyo.

Halafu kuna jambo la kwetu sisi wa milimani, ambalo fundi wa pwani hana haja ya kulijua. Geji nzuri hujazwa glisirini ndani ili sindano isitetemeke, na sanduku lake hufungwa kabisa. Ikijazwa usawa wa bahari, hewa iliyofungiwa ndani ina presha ya usawa wa bahari. Ukiileta Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, hewa ya nje ni nyepesi zaidi kwa karibu bar 0.19. Ukiipeleka uwanda wa Kitulo, mita 2,600, tofauti inafika karibu bar 0.28. Hewa iliyobanwa ndani inausukuma kutoka nje ule mrija wa shaba unaozungusha sindano, na geji inasoma pungufu kwa kiasi hicho. Ni zaidi ya tundu tulilolipigia hesabu! Dawa yake ni rahisi: juu ya sanduku kuna kizibo kidogo cha mpira, mara nyingine chenye chuchu ya njano. Geji ikiwa imesimama wima, kifungue au ukate ile chuchu, utasikia hewa ikipumua, kisha tazama sindano imetulia wapi. Rudia kila unapohama kutoka bondeni kwenda juu sana, au baridi ya Juni na Julai inapobadilika ghafla kuwa jua la mchana.

Baada ya hapo igonge kidogo kwa kucha. Sindano ikiruka kutoka 6.0 hadi 6.3 kwa mguso, imekuwa ikikwama, na kila namba uliyowahi kuandika kutoka kwake ina shaka. Iweke kando.

Mdomo wa geji ni tundu jembamba kuliko kalamu, na maji yetu ya mserereko yana mchanga na udongo mwekundu hasa baada ya mvua kubwa. Ukiziba, sindano inabaki pale ilipokuwa mara ya mwisho. Nimeona geji iliyofungwa muda mrefu chembani ikisoma bar 4 kamili ilhali bomba lilikuwa kavu, limefungwa tangu asubuhi. Ndiyo sababu sipendekezi geji ya kukaa chembani. Weka kwenye kila chemba koki ndogo ya nusu inchi, basi. Geji moja nzuri itembee nawe mfukoni imefungwa kitambaa, unaifunga kwenye koki, unafungua taratibu, unasoma, unafunga, unaiondoa. Kabla ya kuifunga, acha koki imwage maji kidogo ili uchafu utoke.

Geji moja kutembea kuna faida nyingine iliyo kubwa zaidi. Geji hiyo hiyo, hata kama inakosea bar 0.15, inakosea karibu vile vile kila mara pale pale kwenye kipimo. Ukilinganisha namba zake zenyewe kwa zenyewe, kosa linajifuta. Ukilinganisha geji mbili, makosa yanajumlishana. Jumuiya ikiwa na fedha ya geji tano za bei rahisi, inunue moja ambayo ile namba ndogo ya usoni ni 1.0 au 0.6 na ibaki na chenji.

Kipimo chake nacho kichaguliwe kwa akili. Presha ya kawaida ya bomba iangukie kati ya nusu na robo tatu ya kipimo cha juu. Kwa bomba linalosoma bar 6, geji ya 0 hadi 10 inafaa. Ya 0 hadi 25 ni kuitupa fedha, maana mistari yake imebanana mno.

Namba za utulivu

Kila chemba ina namba yake ya kudumu: presha inayopaswa kuwapo maji yakiwa yamesimama kabisa. Inatokana na kimo tu. Mita 10 chini ya uso wa maji ya tangi ni bar 0.98, mita 50 ni bar 4.9. Urefu wa bomba hauingii hapa, wala upana wake.

Chukua vimo kwenye michoro ya mradi aliyokabidhi mkandarasi. Nakala iko kwa jumuiya au ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini. Usitumie simu kupima kimo. Simu inaweza kupotea mita tano au kumi bila kukuambia, na mita tano ni nusu bar. Kama michoro imepotea, njia bora ni kungoja siku mfumo uko mzima, yaani tangi halishuki usiku, kisha upite na geji yako kila chemba na kuandika. Namba hizo ndizo rejea, na zina faida kwamba kosa la geji yako tayari limo ndani yake.

Kumbuka kwamba matangi ya kupunguza presha njiani yanaanzisha hesabu upya. Chemba iliyo chini ya tangi la pili inahesabiwa kutoka uso wa maji wa tangi hilo la pili.

Kutembea na geji usiku

Tuseme mfumo una chemba tano, kila moja mita 800 kutoka mwenzake, na chemba ya tatu iko bondeni. Namba za utulivu ni 1.5, 3.7, 6.3, 4.0 na 5.1. Usiku wa kipimo, kila kitu kimefungwa, tangi linashuka, nawe unasoma 1.4, 3.5, 6.0, 3.7 na 4.8.

Usitazame namba zenyewe. Toa. Upungufu ni 0.1, 0.2, 0.3, 0.3, 0.3. Sasa bomba limesema: kutoka tangini hadi chemba ya tatu maji yanatembea, kwa kuwa upungufu unaongezeka kadiri unavyosonga. Kutoka ya tatu kuendelea upungufu haukui, kwa hiyo maji yamesimama, hakuna kinachopita. Yanayotembea yanaishia jirani na chemba ya tatu. Tundu liko hapo, kabla yake kidogo au baada yake kidogo.

Ukiona upungufu unaongezeka hadi chemba ya mwisho, tundu liko mwishoni au mtu kule hajafunga. Ukiona umeruka ghafla kati ya chemba mbili, kutoka 0.1 hadi 0.8 kwa mfano, usikimbilie kuchimba: mara nyingi ni koki ya njiani iliyofunguliwa nusu, au mizizi ya miti iliyoingia kwenye kiungo.

Adui wa kipimo hiki ni hewa. Mabomba yetu yanapanda na kushuka vilima, na hewa iliyokwama juu ya kilima inaweza kula mita kadhaa za presha kwa chemba zote zilizo mbele, bila tone kupotea. Dalili yake ni upungufu ulioruka mara moja baada ya kilima na kubaki vile vile, wakati tangi halishuki kabisa. Fungua valvu ya kutoa hewa juu ya kilima hicho. Ikipiga mluzi na geji ikapanda, ilikuwa hewa.

Kufungia kipande na kusubiri

Umeshajua ni karibu na chemba ya tatu. Kati ya ya pili na ya nne bado kuna mita 1,600, na vijana hawachimbi mita 1,600. Hapa geji inafanya kazi yake nzuri kuliko zote.

Funga valvu ya chemba ya pili, kisha ya chemba ya nne. Taratibu, tafadhali. Maji yanayokwenda mita moja kwa sekunde yakikatwa ghafla, kwenye bomba la plastiki yanapiga teke la karibu bar 3, na kwenye bomba la chuma la bar 10 na zaidi. Teke hilo ndilo linalopinda geji na kufungua viungo vipya. Valvu ya lango izungushwe kwa muda mrefu kuliko subira yako inavyotaka.

Fungua koki ndogo zilizo upande wa ndani wa kipande, kule chemba ya pili na kule ya nne, ili hewa iweze kuingia. Maji yatarushwa mwanzoni, kisha yatatulia. Usipofungulia hewa, maji yananing'inia ndani ya bomba kwa kufyonzwa, hadi mita nane hivi kwa hewa ya milima yetu, na geji itatulia mahali pa uongo.

Kwenye chemba ya tatu badilisha geji. Chemba ya pili iko mita 26 juu ya ya tatu, na ya nne mita 23, kwa hiyo baada ya presha kuachiwa geji haitazidi bar 2.6. Weka ya 0 hadi 4, mistari yake inasomeka. Lakini usiifunge kabla presha ya tangi haijatoka, itakufa mkononi mwako.

Sasa kaa. Maji yatatoka tunduni, uso wa maji ndani ya bomba utashuka pande zote mbili za bonde, na sindano itashuka nayo. Ikifika usawa wa tundu, inasimama. Tuseme imesimama kwenye 0.9. Hiyo ni mita tisa na kidogo. Tundu liko mita tisa juu ya chemba ya tatu, ama kwenye mteremko wa kutokea chemba ya pili au kwenye mwinuko wa kwenda ya nne. Una sehemu mbili tu za kuchimba, na kila moja ni hatua chache. Chukua mpira wa levo wa waashi, ule mrija wa maji wa kupimia usawa, panda nao kutoka chembani kwa vipande hadi utimize mita tisa, chomeka kijiti. Vuka, fanya hivyo upande wa pili. Sindano ikishuka hadi sifuri, tundu liko bondeni kabisa, usawa wa geji au chini yake. Ikisimama kidogo njiani kisha ikaendelea kushuka polepole zaidi, andika namba ya kituo hicho. Yawezekana matundu ni mawili na la juu limeshakauka.

Sindano ikibaki pale ilipoanzia baada ya kuachiwa, kipande hicho ni kizima na umekosea mahali. Rudi kwenye hesabu ya upungufu. Ila ukifanya kipimo hiki bila kuachia hewa, ukiwa umebana presha yote ndani, usishtuke sindano ikishuka kidogo dakika za mwanzo. Plastiki hutanuka ikibanwa. Subiri itulie kabla ya kuanza kuhesabu.

Jambo moja la afya ya watu. Bomba likishatoka presha, tundu linalotoa maji nje ndilo hilo hilo linaloingiza maji ya kinyungu ndani, na maji yale yana samadi, na kwenye mashamba ya viazi yana dawa za ukungu. Kila baada ya kipimo hiki, safisha kipande kupitia valvu ya kutolea tope hadi maji yawe meupe, tia klorini kwa kipimo anachoelekeza mtaalamu wa maji wa wilaya, na usifungulie vituo kabla ya hapo. Akina mama watakaokuwa wamepanga ndoo alfajiri waambiwe mapema ni saa ngapi, wasisimame kwenye baridi bure.

Mkiletewa sensa za umeme

Baadhi ya miradi sasa inafungiwa sensa zinazotuma presha kwa simu. Ni kitu kizuri kwa sababu zinasoma usiku kucha bila mtu, lakini maswali ni yale yale. Nyingi hutuma mkondo wa miliampia 4 hadi 20: nne ni sifuri ya presha, ishirini ni kipimo cha juu. Kwa hiyo mkondo wa sifuri hauna maana ya bomba kavu, una maana ya waya uliokatika, na mfumo wowote unaochanganya hayo mawili ukataeni. Muulizeni mfungaji kama sensa inapumua, yaani kama waya wake una mrija mwembamba unaoingiza hewa ya nje. Ile iliyofungwa kabisa ina tatizo la kimo lile lile la geji ya glisirini, ila haina kizibo cha kufungua. Inayopumua nayo, mrija ukiingia maji chembani, inaharibika kimya kimya na kuanza kuhama kidogo kidogo. Na radi: bila kinga ya radi kwenye waya, sensa ya milima hii haimalizi msimu wa mvua.

Ukiona geji ya kijijini ina mipaka, ujue kwamba wenye mabomba makubwa wana mipaka hiyo hiyo. Bomba la mafuta la TAZAMA, la Tanzania na Zambia, lililoanza kazi 1968 na kukatiza nyanda zetu kupitia Iringa na Mbeya katika safari ya kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, ni refu kiasi kwamba hakuna wa kulitembelea lote kila siku. Gesi ya Songo Songo inafika Dar es Salaam tangu 2004 kwa bomba ambalo kilomita 25 zake zimelazwa chini ya bahari, mahali ambapo hakuna majani mabichi wala ng'ombe wa kukuonyesha. Baharini kuna ugumu wa ziada: kila mita 10 za kina zinaongeza karibu bar moja inayosukuma bomba kutoka nje. Kwenye kina cha mita 1,000, bomba lenye bar 120 ndani linavuja kana kwamba lina bar 20 tu, na sensa zilizo mwisho huu na mwisho ule hazihisi karibu chochote. Kule nako njia inayotegemewa ni kulinganisha kinachoingia na kinachotoka, kama mti wetu ndani ya tangi. Presha inaitwa baadaye kutaja mahali: bomba likipasuka ghafla, wimbi la presha hukimbia pande zote mbili, kama mita elfu moja kwa sekunde ndani ya bomba la chuma lililojaa maji au mafuta, na tofauti ya wakati linapofika kwenye sensa mbili inatoa sehemu ya mpasuko. Tundu linalokua polepole kwa kutu halitoi wimbi. Machi 2006 kule Prudhoe Bay, Alaska, mafuta ghafi yalivuja kwa siku kadhaa kutoka kwenye tundu dogo la kutu kwenye bomba la nchi kavu, na aliyeyagundua ni mfanyakazi aliyesikia harufu.

Kwa sababu hiyo, jumuiya yenye sensa isimwondoe mtu anayetembea njia ya bomba. Na kengele ya sensa iwekwe kiwango kinachozidi kosa lake. Ikilia kila usiku mtu akichota, wiki ya pili itazimwa, na siku ya tundu la kweli hakuna atakayeisikia.

Baada ya kuziba

Tundu likishazibwa na maji kurudi, subiri hewa itoke, kisha rudia vipimo viwili usiku wa pili: mti tangini, na geji hiyo hiyo kwenye chemba zote tano. Tangi lisiposhuka, zile namba tano ndizo rejea mpya. Ziandike kwenye daftari la jumuiya pamoja na tarehe, namba ya geji iliyopigwa usoni kwake, na kama kizibo kilifunguliwa. Nakala iandikwe ndani ya mfuniko wa kila chemba, kwa rangi ya mafuta, maana karatasi huliwa na unyevu. Kipimo kinachofuata kiwe Oktoba, kabla mvua hazijafungua, wakati majani mabichi bado yanaweza kukuthibitishia kile ambacho geji imesema.